Chungu Kisichojua Mafuta

Baada ya shikamoo na marahaba, kitu cha kwanza mgeni wangu alichomwomba mama kilikuwa chungu ambacho hakijawahi kuguswa na mafuta. Mama akamtazama, akanigeukia mimi, akarudi kumtazama. Jikoni kwetu Bweni utakitoa wapi chungu cha namna hiyo? Vyungu vya mama vimelewa tui tangu sijazaliwa. Ukikiinamia kimoja, hata kikiwa kitupu na kimesuguliwa kwa majivu, bado kinanukia nazi. Masufuria ndiyo kabisa. Mwishowe mdogo wangu akatumwa nyumba ya tatu, kwa shangazi anayekusanya vyombo vya harusi ya binti yake, akarudi na chungu kipya ambacho hakijaonja hata maji. Mgeni akakipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole ndani, akakinusa.

"Hiki ndicho, mama. Ahsante sana."

Kisha akafungua mfuko wake wa kitambaa, akatoa vitu sita vikavu, vyeusi, vigumu kama mkaa wa mkoko, kila kimoja na urefu wa kidole cha kati. Hakuna aliyeuliza ni nini. Mtu yeyote wa umri wa mama huku kaskazini mwa Mafia anawajua majongoo wa baharini, wabichi na wakavu. Kilichomshangaza mama ni kingine.

"Kumbe mnawala kweli?"

Mgeni wangu ni binti wa miaka 22, anatoka Yantai, mji wa pwani katika jimbo la Shandong nchini China. Amekuja kusoma Kiswahili kwa mwaka mmoja katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na amepanga chumba nyumbani kwangu Changanyikeni. Lugha alianza kujifunza Beijing. Kiswahili kimefundishwa huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Kwa hiyo alipofika kwangu alikuwa anaongea Kiswahili kilichopigwa pasi. Alisema "ninaomba kufahamishwa choo kiko wapi". Lakini sokoni hakujua kuuliza bei ya fungu la mchicha.

Chakula ndicho kilichompa shida miezi ya kwanza, na si kwa sababu nilizozitarajia. Nilidhani atashindwa na ugali. Ugali aliupenda mapema, akaufananisha na uji mzito wa mahindi wa kwao. Pilipili zetu hazikumtisha. Wiki tatu za mwanzo alikula chipsi mayai mchana na usiku, kwa kuwa ndilo jina la chakula alilokuwa na hakika kulitamka mbele ya foleni ya watu wenye njaa. Chai ilimshangaza kidogo: neno ni lao, chá, limezunguka dunia hadi likatufikia, lakini kwao hakuna anayelitilia sukari vijiko vitatu.

Shida yenyewe aliniambia baadaye. Kwa mama lishe kila mtu anapewa sahani yake: wali wako, maharage yako, kipande chako cha samaki, unainama unakula, unaondoka. Nyumbani kwao sahani zote hukaa katikati ya meza na kila mtu huchota, na bibi yake huwa anamwekea kipande kizuri kwenye bakuli bila kuulizwa. Alikuwa anashiba, alisema, lakini hajala. Ijumaa moja nikapika pilau, nikaliweka sinia sakafuni, tukalizunguka watu watano. Aliketi, akanawa, akala kimya. Mwanangu wa kiume, kama watoto wanavyofanya, akasukuma mnofu upande wa mgeni. Nilimwona binti anameza mate mara mbili kabla ya kuugusa.

Februari ilipofika akanyamaza. Kila jioni alikuwa anaongea na bibi yake kwa simu ya video, na alipokata alikaa kibarazani akiangalia barabara. Mwaka mpya wao ulikuwa unaingia tarehe 17 Februari 2026. Nikachukua kalenda. Mwaka wao huanza na mwezi mwandamo, na mwezi huo huo ndio ambao sisi tulikuwa tunausubiri ufungue Ramadhani, siku moja au mbili baadaye. Kwao ni mkesha wa karamu, kwetu ni vunja jungu. Na kwa sisi tuliozaliwa ufukweni, mwezi ukiandama kuna jambo la tatu tunaloliwaza kabla hata ya hayo mawili: bamvua. Maji yatakupwa hadi mwamba wote utoke.

"Twende kwetu," nikamwambia. "Ukale mwaka mpya Ras Mkumbi."

Safari ya Mafia kwa wasiopanda ndege inaanzia Mbagala. Unashika barabara ya Kilwa hadi Bungu, unaingia kushoto kuelekea Nyamisati, na hapo unasubiri kivuko na maji. Tulikula kamba wa kukaanga na muhogo wa kuchemsha juu ya karatasi ya gazeti, tukiwa tumekaa kwenye mifuko ya watu ya unga. Kamba wa Rufiji mgeni aliwala na maganda yake, kichwa na mkia, na mwuzaji aliyekuwa anamtazama kwa wasiwasi akamwongezea wawili bure. Kisha kivuko kikapita kati ya mikoko ya delta. Humo ndimo ilimojificha Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, hadi Waingereza walipoimaliza Julai 1915 kwa msaada wa ndege zilizoruka kutoka kisiwani kwetu. Babu alikuwa akisimulia habari hizo kama aliziona, ingawa naye alisimuliwa.

Kilindoni tulifika jua limeinama. Tukapita kwa ndugu yetu mmoja anayefuga majongoo kwa kibali, ndani ya uzio wa nyavu kwenye maji mafupi, naye ndiye aliyetupa wale sita wakavu. Kutoka hapo ni bodaboda mbili, karibu kilomita 50 kwenda kaskazini, Kirongwe, Kanga, minazi kushoto, minazi kulia. Mahali pengine minazi ililala chini imeelekeza vichwa upande mmoja. Hiyo ni kazi ya Kimbunga Hidaya, kilichoingia Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mgeni alidhani imekatwa. Dereva akasimamisha pikipiki ili amweleze vizuri, akimwonyesha kwa mkono upepo ulivyokuja.

Sasa niwaeleze habari ya majongoo, maana bila hiyo chungu cha mama hakieleweki.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1990, ada yangu ya shule ilitoka kwa jongoo. Wanawake na watoto tuliwaokota wakati wa kupwa, wanaume walizamia. Jongoo mchanga alipatikana karibu. Pauni, mwenye bei, alikaa kina kirefu. Baba na wenzake walirudi na majongoo kwenye matenga, wakapasuliwa matumbo, wakachemshwa kwenye mapipa pale chini ya mikungu. Harufu yake ilishika nguo. Jongoo mchanga ana ngozi ya chokaa. Alifukiwa mchangani usiku mmoja, kesho yake tukamsugua kwa majani ya mpapai hadi chokaa itoke na yeye abaki mweusi anang'aa. Hiyo ilikuwa kazi yetu sisi wadogo. Vidole vilibabuka. Halafu akachemshwa tena, akaanikwa, akakauka, akapelekwa Kilindoni, kisha Unguja, kisha huko kwingine ambako hakuna kati yetu aliyekujua. Hatukuwahi kumla. Haikutupitia akilini. Wengine walisema Wachina wanatengenezea dawa, wengine wakasema gundi, na kulikuwa na mzee aliyeapa kwamba ni vifaa vya silaha, kwa sababu hakuna mwenye akili atakayetoa pesa ile kwa ajili ya chakula.

Majongoo wakapungua. Waliokuwa wanaokotwa kwa miguu wakawa wa kuzamiwa, na waliokuwa wa kuzamiwa wakahitaji mitungi ya hewa. Mnunuzi mmoja alileta mitungi, akawaachia vijana bila kuwafundisha chochote. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Alizama na kuibuka, alizama na kuibuka, kutwa nzima, kwa siku nyingi, na jioni moja alipanda kwenye mashua miguu yake ikakataa kumbeba. Mguu mmoja ulirudi baada ya miezi. Wa pili haujarudi hadi leo. Mwenye mitungi hakuonekana tena Bweni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikapiga marufuku uvunaji upande wa Bara, na kwa maoni yangu ilichelewa, kwa mwamba na kwa baba mdogo pia.

Siku tatu chungu kilikaa kwenye kona ya jiko, kimefunikwa kwa kawa. Asubuhi na jioni mgeni alimwaga maji na kutia mengine safi ya kisima. Mafuta kidogo tu yakiingia, alieleza, jongoo hawezi kuumuka, ngozi yake inaharibika. Mama alilielewa hilo kuliko nilivyotegemea. Mtu anayejua tui linavyokatika kwa kukosewa moto hahitaji kuelezwa mara mbili. Akatangaza kwamba chungu kile kina mwiko, na kwa hiyo mwiko usiingie humo, wala upawa, wala mkono wa mtoto. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia. Siku ya pili vitu vile vilikuwa vimenenepa mara mbili. Siku ya tatu vilikuwa laini, vinatikisika, na mama akaviangalia kwa muda mrefu akasema, "Wamerudi kama walivyokuwa."

Mchana wa tarehe 16 jiko lilijaa. Wanawake wa Bweni wanajulikana Mafia nzima kwa mikeka ya ukindu, na walikuja na kazi zao mikononi, wakasuka ukili huku wakiangalia. Upande mmoja mama alikuwa na wali wa nazi, ameshapalia makaa juu. Upande mwingine pweza mkavu aliyelowekwa anatokota kwenye tui jepesi, tui zito likimsubiri. Mgeni alikuwa amenunua nguru mzima. Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Kwao Yantai, alisema, usiku wa mwaka mpya hukosi jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama ndani, vinavyochemshwa. Sehemu nyingi ni nyama ya nguruwe. Lakini watu wa pwani ya Shandong wana za kwao, za samaki, na samaki wenyewe ni ndugu wa nguru. Aliponiambia hivyo ndipo nilipojua ni kwa nini hakuwahi kuulizia nguruwe Dar es Salaam: chakula alichokuwa anakitamani kingeweza kupikwa kwenye jiko lolote la Mwislamu wa pwani.

Akamchuna nguru ngozi, akakwangua nyama kwa kijiko badala ya kuikata, akaitia maji ya tangawizi kidogo kidogo huku anaikoroga kuelekea upande mmoja tu, hadi ikawa nyeupe, laini, inanata. Akakata vitunguu majani. Unga wa ngano akaukanda, akausukuma kwa chupa. Alifunga jiaozi ya kwanza polepole ili tuone: kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinakunja, kunjo juu ya kunjo, ukingo unatoka kama msuko. Shangazi akaweka ukili wake chini.

"Lete."

Ya kwanza ya shangazi ilipinda. Ya pili ilikuwa sawa na ya mgeni. Ya nne ilikuwa nzuri kuliko ya mgeni, na wote tuliona, na mgeni aliona, akapiga makofi. Mikono iliyozoea ukindu haikubabaishwa na unga. Kabla ya magharibi masinia mawili yalijaa jiaozi, zimepangwa kwa mistari, na mama alikuwa ameshazipa jina: sambusa za maji.

Majongoo aliwapika mwisho, kwa vitunguu majani na soya sosi aliyokuja nayo kutoka Kariakoo. Tuliandaa uani, juu ya mikeka, vyakula vyote katikati. Mtu yeyote alikula alichotaka. Watoto walimaliza sambusa za maji kabla wakubwa hawajanawa vizuri. Lakini bakuli la majongoo lilikaa. Mgeni aliwakata vipande, akala kimoja, akasubiri. Mama akala, akatafuna, akasema kinateleza. Kisha baba mdogo akanyoosha mkono.

Alitafuna muda mrefu. Alikuwa ameketi upande, mguu mbovu umenyooshwa mbele yake kama kawaida.

"Mwanangu," akasema, "ladha yake ni ipi hasa?"

"Mwenyewe hana ladha, baba mdogo. Anachukua ladha ya alichopikwa nacho."

"Hana."

"Hana."

Mahali palitulia. Baba mdogo akasema kwamba wao waliambiwa ni dawa ya vita, na siku zile alikuwa akijifariji kuwa mguu wake umekwenda kwenye jambo kubwa. Mgeni hakuharakisha kujibu. Nilimpenda kwa hilo. Alisema kwao jina lake, haishen, linamfananisha na mzizi wa thamani wa dawa, mzizi wa baharini. Bibi yake huwaloweka siku za baridi kali, akampa anayeumwa, akampa aliyejifungua. Yeye alipewa mmoja kila asubuhi alipokuwa anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu. Kisha akasema ukweli ambao mtu mwingine angeuficha ili hadithi ipendeze: kwamba wale wa bibi ni wa bahari yao wenyewe, wana miba; wa bahari ya joto, kama wa Mafia, wanapelekwa zaidi Hong Kong na kusini. Hawezi kusema bibi yake alikula jongoo wa baba mdogo.

"Lakini kuna bibi wa mtu alimla," akasema.

Baba mdogo akaliangalia bakuli. "Niongeze."

Sisemi kwamba kipande kile kilimlipa. Hakikumlipa, wala hakuna sinia litakalomlipa. Ila miaka zaidi ya ishirini alikuwa hajui alichokuwa anakitafuta kule chini, na usiku ule alijua. Biashara ile ilipita mikono ya watu wengi, kila mmoja akiongeza bei, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumwambia mzamiaji kwamba anatafutia wagonjwa na wazazi chakula.

Asubuhi ya mwaka mpya maji yalikupwa kama yalivyoahidi. Mnamo saa nne mwamba ulikuwa mkavu mbali kabisa, na wanawake wametapakaa juu yake wanachokoa pweza, kanga zimekazwa, chuma mkononi. Mama alimfundisha mgeni kutazama rundo la magamba ya kaa na chaza mlangoni mwa shimo: aliyekula hapa bado yumo ndani. Hakupata pweza. Alimpata jongoo mchanga mmoja, mnene, wa kijivu, nusu yake imefukiwa. Akachuchumaa, akamgusa mgongo kwa kidole kimoja, jongoo akajikaza. Alikaa naye hivyo hadi maji yakaanza kumrudia vifundoni. Alikuwa hajawahi kumwona mmoja akiwa hai mahali pake, alisema. Kwao wanatoka kwenye boksi.

Mnara wa taa wa Ras Mkumbi tuliuendea jioni ya tarehe 18. Wajerumani waliujenga mwaka 1892, juu ya jiwe la matumbawe, mahali kisiwa kinapokwisha. Mashariki ni bahari kuu, magharibi ni mlango wa bahari kati yetu na Rufiji, na kwenye ncha unaona mikondo miwili ikigongana. Nusu ya kijiji ilikuwa pale, hasa watoto, wote wamegeukia magharibi. Kaskazi lilikuwa linavuma. Jua likazama. Watu wakanyamaza, na kila mmoja akachagua kipande chake cha mbingu.

Aliyeuona kwanza alikuwa mtoto wa shangazi. Uzi mwembamba, umelala. Kelele zikapasuka, watu wakapeana mikono, wazee wakainua viganja. Mgeni alikuwa ameshapiga simu, na kwenye kioo niliona uso wa bibi kizee usiku wa manane wa huko kwao, amejifunika blanketi, ameamka kwa ajili hiyo. Alimgeuzia simu upande wa mwezi. Wakaongea Kichina haraka haraka. Nikamwuliza bibi anasemaje.

"Anasema kwake umeshazama. Anauliza kama nimekula."

Tulirudi Bweni gizani, watoto wakikimbia mbele. Uani mama alikuwa amekwisha kuosha vyombo vyote na kuvifunika kwa ajili ya kesho. Chungu kile alikuwa amekining'iniza peke yake kwenye boriti, juu, mbali na vingine, na shangazi alikuwa ameambiwa amtafutie binti yake kingine. Mgeni akauliza kama siku ya vunja jungu hawapaswi kukivunja. Mama akasema hiki hapana.

"Na daku, mama? Nami mtaniamsha?"

"Hufungi wewe, mwanangu. Lala."

"Nataka kula na nyinyi."

Mama akachukua mkeka mpya, akautandika karibu na mlango wa jiko, upande unaopata upepo.

"Basi lala hapa. Nikianza kukuna nazi utasikia."